Benchi la Mlangoni, Rosettenville

Mwaka 2024, katika kipupwe cha Julai, wakati ambapo huku kwetu Mbeya watu hutoka asubuhi wamejitanda blanketi mabegani, nilikuwa na umri wa miaka sitini na minne, mjane wa mwaka wa tisa, na sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa nchi isipokuwa ule wa Tunduma, nao kwa ajili ya kununua vitenge. Ninyi wenzangu wa umoja wa wanawake mmeniuliza mara nyingi yaliyotokea Johannesburg, nami mara nyingi nimewajibu kwamba safari ilikuwa njema. Haikuwa njema. Nayaandika hapa kwa kufuata njia niliyopita, kituo kwa kituo, ili nisipate mahali pa kujificha.

Mnakumbuka nilichotumwa. Usharika mdogo wa watu wa Kiswahili kule Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, ulikuwa umepasuka. Vijana waliozaliwa kule walikuwa wameondoka, wakawa wanakutana peke yao Braamfontein pamoja na wenzao Wazulu na machotara. Mchungaji Asegelile, ambaye marehemu mume wangu alimlea nyumbani kwetu kama mwana, na mwenzake Mchungaji Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, walikuwa wamefanya kazi mwaka mzima ya kujenga upya undugu na vijana hao. Jumapili ya tarehe 7 Julai wangesali pamoja kwa mara ya kwanza, na jioni yake wangeunda baraza moja la wachungaji na vijana. Waliomba mtu wa nyumbani awe shahidi. Mkanichagua mimi. Kwa kinywa nilisema sistahili. Moyoni nilijiuliza ni nani mwingine angestahili.

Mbeya hadi Lusaka

Niliondoka Jumanne, tarehe 2 Julai, nikiwa na sanduku moja na mfuko wa mchele wa Kyela mlioufunga kwa mikono yenu. Mchele huo ulikuwa wa karamu ya upatanisho. Naomba msiusahau, kwa maana nitaurudia.

Nakonde, ng'ambo ya mpaka, basi lilikaa nusu siku kwa sababu utingo alikwenda kumsalimu shangazi yake na hakurudi. Abiria walimtukana kwa lugha nne. Aliporejea, alikuwa amebeba kuku hai, zawadi ya shangazi, akamkabidhi dereva. Dereva, aliyekuwa ameapa kumwacha hapo hapo, alimtazama kuku, akawasha gari. Mbele ya Mpika tulisimama tena, gurudumu. Mama mmoja wa kando ya barabara alituuzia nshima na kapenta, dagaa wa kule. Nilikula kwa mkono nikijisemea kwamba ugali ni ugali, ila wa kwetu husongwa vizuri zaidi. Hivyo ndivyo nilivyosafiri, ndugu zangu: nikipima kila kitu kwa kibaba cha nyumbani.

Lusaka hadi Limpopo

Lusaka alipanda mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye nywele zilizosukwa kwa ufundi wa kustaajabisha.

"Mama," akaniambia, "mufuko yako iko inakala mu kiti yangu."

"Mfuko wangu umekaa kwenye kiti chako," nikamsahihisha, huku nikiuondoa.

Akacheka mpaka abiria wakageuka. "Njo vile nilisema! Umeelewa, siyo?"

Aliitwa Mama Bijou, mzaliwa wa Lubumbashi, msusi wa Rosettenville. Alinipa mkate na chai ya chupa, nami nilimpa maelezo juu ya ngeli za Kiswahili sanifu. Mnajua nilianza shule ya watu wazima nikiwa na miaka thelathini na minane, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na arobaini na minne. Mtu aliyepata elimu kwa jasho hivyo huwa mwepesi wa kuigawa hata kwa asiyeiomba.

Alipojua ninakokwenda, aliniangalia kwa makini. "Bale batoto? Nabajua. Ni miye nabasukaka nywele. Banapenda kula, banapenda kucheka. Lakini usibagombeze, Mama. Ukibagombeza, banatoka bila kusema, hata mulango habafunge."

Nilimjibu kwamba nimelea vijana wa usharika kwa miaka thelathini.

"Aya," akasema, akafumba macho akalala.

Kwenye mto Limpopo, mpakani mwa Afrika Kusini, Alhamisi, tulipanga foleni katika baridi ambayo sikuitarajia upande wa kusini. Afisa alifungua mfuko wa mchele akauliza kama ni wa kuuza. Nilianza kumweleza historia ya usharika wetu tangu kuasisiwa. Mama Bijou alinisogeza kwa kiwiko, akasema jambo fupi kwa Kiingereza, na afisa akacheka, akatupungia mkono tupite.

"Umemwambia nini?"

"Ni ya ndoa."

"Huo ni uongo, Mama Bijou."

"Kanisa na batoto banarudiana, ile si ndoa?"

Leo nasema kwamba mwanamke yule aliifahamu safari yangu kuliko mimi mwenyewe niliyekuwa nikisafiri.

Rosettenville

Tulifika jioni ya Ijumaa, tarehe 5. Asegelile alinipokea kituoni, amenenepa, mvi zimemwanza. "Shikamoo, Mama Mchungaji." Nilipoitikia marahaba, nilimwona tena mume wangu akimfundisha kushika Biblia bila kuikunja jalada, na nikahisi kwamba nimefika nyumbani kwangu. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Usiku ule tulikula kuku wa pilipili kutoka kwa Mreno wa jirani, na Asegelile alinieleza utaratibu wao. Kila mwezi wachungaji na vijana walikuwa wakikutana mezani. Walikula kwanza. Aliyetaka kusema alisema akiwa amekaa; hakuna aliyeruhusiwa kusimama, hata mchungaji, kwa sababu mtu akisimama huhubiri. Kwa njia hiyo tu, mwezi baada ya mwezi, vijana walikuwa wameanza kusema yaliyowaondoa: kwamba waliitwa kanisani kubeba viti na kuimba, lakini hakuna aliyewauliza neno.

"Vizuri, mwanangu," nikasema, kisha nikamuuliza kama joho lake limepigwa pasi.

Sasa niwakumbushe jambo mnalolijua, kwa ajili ya yeyote atakayesoma na asilijue. Katika kanisa letu kuna benchi karibu na mlango, upande wa kushoto. Mtu aliyetengwa kwa kosa la hadharani hukaa pale, na Meza ya Bwana humpita. Siku yake ya kurudi kundini huvaa nguo zisizo na pambo, huitwa mbele, hupiga magoti, na mzee wa kanisa humpa mkono wa kuume. Nimewaandaa wengi kwa siku hiyo. Sikuwahi kuliona kuwa jambo la aibu. Nililiona kuwa mlango.

Jumapili, tarehe 7, niliketishwa mbele, kwenye kiti chenye mto. Jumba la ibada lilikuwa zamani duka la mikate, na bado lilikuwa na vigae vyeupe ukutani. Nilipogeuka kutazama watu, niliwaona vijana. Walikaa wote nyuma, kwenye benchi la mlangoni, upande wa kushoto, na kwenye viti vilivyolizunguka. Walivaa nguo nyeusi, hakuna hereni, hakuna rangi. Ulipofika wakati wa Meza ya Bwana, hawakuinuka hata mmoja.

Moyo wangu ulijaa furaha. Nikasema: kumbe vijana hawa wamekubali kutengwa, na leo ndiyo siku yao!

Asegelile aliniita nitoe salamu za nyumbani. Mkalimani wangu alikuwa Furaha, binti wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa watu wa Bukavu, mwenyewe mzaliwa wa Johannesburg na kiongozi wa vijana wale. Alisimama kando yangu katika nguo zake nyeusi. Nilitoa salamu zenu, akazitafsiri kwa Kiingereza, vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha nikaendelea.

"Wanangu mlioko kule nyuma," nikasema, "nimeona unyenyekevu wenu. Mmepotea, lakini mmekubali adhabu. Njoni sasa mbele, mpige magoti, mrudi kundini."

Furaha hakutafsiri.

Nilidhani Kiswahili kimemshinda. Nikarudia polepole, kwa maneno mepesi, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Akatazama chini.

"Siwezi, Bibi," akasema kwa sauti ndogo.

Basi nikamgusa bega kumtuliza, nikamsogeza kando, na mimi niliyejivunia cheti changu nikasema mwenyewe kwa Kiingereza changu cha masomo ya usiku, nikinyoosha mikono yote miwili: njoni, pigeni magoti, mmesamehewa.

Kimya kikatanda. Nilidhani ni kimya cha toba. Nilitazama wachungaji, nao walitazama sakafu. Kijana mmoja mrefu aliyekuwa benchini aliinuka, kisha wa pili, kisha wote, nami nikapanua mikono zaidi ili niwapokee. Walitoka nje. Furaha aliteremka jukwaani, akapita katikati ya watu bila haraka, akawafuata.

Mlango hawakuufunga.

Upepo wa baridi uliingia, na baada ya muda ukaingia na harufu ya kuungua. Ulikuwa mchele wa Kyela. Vijana wale ndio waliokuwa wakiupika uani, katika masufuria makubwa, na hapakubaki mtu wa kuugeuza.

Siku za heshima

Niliandaliwa sahani ya kwanza, iliyochaguliwa punje kwa punje mahali ambapo moto haukufika. Kila mtu aliniambia kwamba nimechoka kwa safari.

"Baraza ni saa ngapi?" nikauliza jioni.

"Limeahirishwa kidogo, Mama," akasema Asegelile.

"Vijana wa siku hizi hawana subira."

"Ndiyo, Mama."

Jumatatu alisema ndiyo, Mama. Jumanne alisema ndiyo, Mama. Kina mama wa usharika walinipikia pap, ugali wa kule, na mboga, wakaniuliza habari za mahindi ya Mbeya. Heshima inaweza kuwa ukuta, ndugu zangu, na mimi nilikuwa nimekaa ndani yake nikidhani ni sebule.

Jumatano, tarehe 10, alikuja Mchungaji Ilunga. Alikataa chai, jambo lililonishtua. Alikaa mbele yangu akakunja mikono.

"Maman, watasema sina adabu. Lakini Jumapili tuliharibu. Weye ulisema, na siye tukanyamaza. Siye njo tulikosa zaidi."

Kisha alinieleza, naye alieleza kwa upole kiasi kwamba kila neno lilipenya. Vijana hawakuwa wametengwa na mtu yeyote. Walikaa mlangoni ili watoke kuangalia masufuria bila kusumbua ibada. Walivaa nguo nyeusi kwa sababu walikusudia kufunga aproni nyeupe na kuwahudumia wazee mezani. Hawakuinuka kushiriki kwa sababu ilikuwa imekubaliwa kwamba wao na wachungaji wangeshiriki mkate baadaye, wameketi, katika meza moja. Hilo ndilo lililokuwa agano la siku ile. Mwaka mzima wa kazi ulikuwa umewafikisha kwenye lile benchi, na mimi niliwafukuza kutoka pale kwa mikono iliyonyooshwa.

"Watarudi?" nikauliza.

"Wametuma neno. Hakuna baraza tena."

Niliomba kuachwa peke yangu. Sikulia. Niliona uso wangu mwenyewe ukitabasamu pale mbele, mikono imepanuliwa, na sikuweza kuuondoa.

Rosettenville hadi Braamfontein

Alhamisi nilimkatalia Asegelile kunisindikiza. Nilipanda basi hadi mjini, kisha basi la mwendokasi, nikashuka kituo kisicho changu. Kijana mwenye kofia ya kiua, aliyeuza makasha ya simu kando ya njia, alisikia nikijisemea.

"Shikamoo, mama! Wa Tanga au wa bara?"

"Marahaba, mwanangu. Mbeya."

"Ndiyo maana umevaa sweta mbili. Braamfontein? Ifuate barabara hii, ukifika robot ya pili kata kulia."

Nilisimama njia panda nikitafuta mashine. Alikuja mbio nyuma yangu, amemwachia jirani biashara yake, akicheka. "Taa, mama! Taa za barabarani, hapa wanaziita robot. Ulikuwa unamtafuta mtu wa chuma?" Akanivusha mwenyewe, akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia: kwa watu niliowakosea. Akaacha kucheka. "Basi Mungu akutangulie, mama. Hiyo safari ni ndefu kuliko ya kutoka Mbeya."

Vijana hukutana ghorofa ya pili, juu ya duka la kunakili karatasi. Nilipoingia walikuwa mezani, na meza yenyewe ilikuwa milango miwili ya zamani iliyolazwa juu ya matofali. Walikuwa wakila magwinya, maandazi ya kule, na atchar, achari ya embe. Vicheko vilikatika. Furaha aliinua uso.

"Bibi. Umekuja peke yako?"

Niliweka mkoba chini, nikakunja mikono mbele, nikafungua kinywa ili nitoe maneno niliyoyapanga njia nzima. Yule kijana mrefu, Lwazi, Mzulu asiyejua Kiswahili, alivuta kiti akasema jambo. Furaha akatafsiri: "Anasema, Gogo, yaani Bibi, kaa. Hapa anayesimama hasikilizwi."

Nikakaa. Maneno niliyoyapanga hayakufaa kusemwa na mtu aliyekaa. Nikasema tu: "Niliwaona, nikadhani nawajua. Nimewaaibisha mbele ya watu. Nisameheni."

Furaha alitafsiri. Lwazi akasukuma sahani ya magwinya hadi kwangu, lakini hakunitazama.

"Kiswahili yangu ni kidogo," Furaha akasema hatimaye, "lakini ile siku nilielewa yote. Njo maana nilinyamaza. Mama yangu alinizaa mbele ya ndoa. Walimuweka mu ile benchi. Ile ile, Bibi, ya mlango. Miaka mbili. Mi nilijifunza kutembea kwa kushika ile benchi. Jumapili wenzangu walikataa kukaa pale. Nikawaambia, hapana, ni mbao tu, ile mambo ilikwisha. Kisha weye ukasimama ukasema haiyakwisha."

Nilitazama meza. Nilikumbuka wasichana wengi wa kwetu, na watoto wao mgongoni, na mimi nikiwaelekeza wavae nguo zisizo na pambo.

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Kwenu, mtu akikosa mbele ya watu wote, anafanyaka nini?"

Nilijibu kabla sijafikiri, kama mwanafunzi aliyekariri somo. "Hukaa benchi la mlangoni."

Lwazi alitaka kujua nimesema nini. Furaha akamwambia. Kijana akapiga mluzi mdogo. "Eish, Gogo."

Benchi

Jumapili, tarehe 14, niliingia kabla ya watu, nikakaa mlangoni upande wa kushoto. Nilivaa gauni la kijivu, bila kile kitenge cha sare mlichonishonea. Kina mama walikuja na ule mto wakitaka kunipeleka mbele; nikakataa. Asegelile alikuja, amevaa joho, macho mekundu.

"Mama, tafadhali. Nitawaandikia nini Mbeya?"

"Andika kwamba nimekaa mlangoni."

"Watasema nimemwaibisha mke wa baba yangu."

"Mwanangu, mke wa baba yako amejiaibisha mwenyewe, tena kwa Kiingereza."

Alitaka kucheka, akashindwa, akaenda. Meza ya Bwana ilinipita. Ndugu zangu, nimewaandaa wengi kwa benchi lile na sikuwahi kujua kwamba kila anayeingia hukutazama kwanza miguu. Sikujua kwamba upepo wa mlango hukupiga upande mmoja wa shingo tu, ibada nzima. Sikujua jinsi nyimbo zinavyosikika kutoka pale, kana kwamba zinaimbwa katika nyumba ya jirani. Vijana hawakuja, isipokuwa Furaha, aliyesimama nje ya kizingiti wakati wa mahubiri, akaniona, akaondoka.

Katikati ya juma wachungaji wote wawili walikwenda Braamfontein, wakakaa kwenye meza ya milango, wakaomba radhi kwa kunyamaza kwao. Sikuwepo, Ilunga aliniambia tu kwamba waliulizwa maswali mpaka chai ikapoa.

Jumapili, tarehe 21 Julai 2024, vijana walikuja. Uani masufuria yalikuwa motoni. Nilikaa mahali pangu, nao wakakaa kunizunguka, kwa sababu pale ndipo palipokuwa karibu na moto. Baada ya wimbo wa pili Asegelile alisema kwamba yuko mtu anayetaka kurudi kundini.

Nilikwenda mbele. Furaha alikuwa tayari amesimama kando, mahali pale pale. Nilipiga magoti, na magoti yangu, mnayajua, yalilia hata safu ya kwanza ikasikia. Nikasema: "Mimi, mjane wa mchungaji, niliwahukumu vijana hawa kwa kuwatazama. Niliwaita wapotevu katika nyumba yao wenyewe. Niliwatangazia msamaha wakati mimi ndiye niliyeuhitaji. Na wale niliowakalisha mlangoni huko nyumbani, nitawaendea mmoja mmoja."

Nilisema sentensi moja, nikasubiri. Furaha akaitafsiri. Nikasema nyingine, akaitafsiri. Sauti yake ilitetemeka mara moja, kwenye neno la mlangoni, lakini hakuruka chochote. Alitafsiri mpaka neno la mwisho. Kisha, kwa kuwa mzee wa kanisa alikuwa bado anasitasita, yeye mwenyewe alinipa mkono wa kuume, akaniinua.

Alasiri, mezani, kila mtu akiwa amekaa, Ilunga alitaja masharti ya baraza moja la wachungaji na vijana, akauliza kama tunakubali. Tulikubali. Mkate ulipita kutoka mkono hadi mkono. Mchele wa siku ile ulikuwa wa dukani, wala haukunukia kama wa Kyela. Lwazi alipakua, na mbele yangu aliweka kipande kikubwa cha ukoko, cheusi upande mmoja, akasema jambo lililowachekesha wote.

"Anasema," Furaha akatafsiri, "Gogo, hii ni fungu yako."

Nilikila chote.